Barua ya wazi kwa akina mama na vijana wa mwaloni: riziki haina kiingilio

Wanangu mlioko kwenye mialo ya samaki ya Kirumba, Igombe, Kayenze na visiwani, huku Ziwa Victoria,

Marahaba. Najua giza lililopita, zile siku zisizo na mbalamwezi tunapovua dagaa, halikuwa zuri. Mitumbwi ilirudi na ndoo chache, na dagaa walionyeshewa mvua wakiwa wameanikwa mchangani wameishia kuuzwa chakula cha kuku. Sibishi kwamba hali ni ngumu. Lililonifanya nishike kalamu ni mjane mmoja, mwenzenu, niliyemkuta kitanda chake na jiko lake la gesi vinatolewa nje na vijana wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, watoto wamesimama na sare za shule wakitazama. Nilimuuliza fedha alizifanyia nini. Akasema alizipeleka madhabahuni. Mhubiri alitangaza kwamba atakayepanda mbegu kabla ya mwisho wa mwezi atafunguliwa milango ya biashara, naye mama wa watu akakopa ili apande.

Nimekasirika, na hasira yangu si juu yake.

Someni Kutoka sura ya 16, muisome yote. Mana ilishuka kila asubuhi, pishi moja kwa kila mtu. Waliolaza kwa hofu ya kesho waliikuta inanuka, imejaa mabuu. Je, mmeona mahali Musa alipopitisha kapu la sadaka kwanza? Wale walikuwa watu waliotoka kuhesabiwa matofali na wanyapara wa Farao, na Mungu alikuwa akiwafundisha kulala bila kuogopa asubuhi. Siku ya 6 akawapa maradufu wapumzike siku ya 7, na hiyo iliyolazwa haikuoza. Kwa hiyo asije mtu akawaambia kuweka akiba ni kukosa imani. Sisi wa ziwani tungepaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, iwe karabai au ya sola, na boti hukaa nchi kavu. Kila mwezi yapo majuma ya kuvua na siku za kungoja. Mama aliyeweka kidogo wakati wa giza alikula, na aliyekosa alikwenda kwa jirani bila kuona haya.

Tena najua wahubiri wa namna hiyo wanavyoipenda habari ya mjane wa Sarepta, kwa sababu alimpa Eliya mkate kwanza. Malizieni basi sura hiyo, 1 Wafalme 17. Eliya alikaa nyumbani mwa yule mjane, akala unga uleule wa pipa lile lile. Mtoto alipokufa, nabii alimbeba mwenyewe, akamlilia Mungu mpaka uhai ukarudi. Huyu aliyechukua fedha za mkopo za mwenzenu, siku kitanda kinatolewa alikuwa wapi? Na angalieni muujiza wenyewe: lile pipa halikufurika magunia. Unga haukuisha, basi. Bwana Yesu naye alitufundisha kuomba riziki ya leo.

Mengine nayasema kwa ufupi. Msimkabidhi mkopeshaji kadi ya benki wala namba yake ya siri. Msivunje kikoba kwa ugomvi mdogo. Vijana, acheni mikeka ya kubeti. Na anayevuta kokoro, wavu unaozoa hata samaki wachanga, anakula chakula cha mwanawe kabla hajazaliwa. Fanyeni kazi, kwa maana hata mana iliokotwa, haikuingia mdomoni yenyewe.

Lakini nisiwagombeze ninyi peke yenu. Mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024. Kausha damu haikusimama hata siku moja. Mwanamke anayelala akilinda dagaa wake ataipata wapi siku nzima ya kukaa ofisini akisubiri mhuri? Na sisi makanisani, tunachangia spika na viti vya plastiki huku wajane wetu tukiwaambia, "Mungu atakupa." Matendo sura ya 6 inasema wajane waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakuwahubiria uvumilivu. Waliagiza wachaguliwe watu 7 washughulike na chakula. Mungu hulisha kwa mikono ya watu, na anayeificha yake asijifanye anamngoja Mungu.

Wenye karatasi za mikopo, njooni nazo Jumapili baada ya ibada tuzisome mstari kwa mstari. Tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni. Mtakapokwenda kulipa, mwambieni awaonyeshe ya kwake.

Yule mama yuko kwangu na wanawe. Atakayeguswa alete unga, dagaa au godoro. Fedha msimpe mkononi kwa sasa, maana wale vijana bado wanapita kila jioni kumuulizia.

Mama yenu,
Igombe