Kwa Baraka, kuhusu Bunche

Morogoro

Ndugu yangu Baraka,

Habari za Dodoma? Sisi hatujambo, ila mama bado magoti yanamsumbua. Barua yako nimeipata. Kumbe tasnifu yako umeamua iwe juu ya Ralph Bunche, yule msomi na mwanadiplomasia mweusi wa Marekani, kwa sababu ya ile Nobeli ya Amani ya 1950. Sawa, ndiye mtu mweusi wa kwanza kuipata, lakini hilo limeshaandikwa mno. Mimi ningeanzia miaka kumi nyuma.

Wakati huo alikuwa akifundisha sayansi ya siasa Chuo Kikuu cha Howard, akaingia kwenye utafiti wa Gunnar Myrdal, yule Mswidi, juu ya hali ya weusi Marekani. Wasaidizi wa Bunche, weusi kwa weupe, walizunguka majimbo ya Kusini wakiwahoji waandikishaji wa wapiga kura.

Chukua Alabama. Kodi ya kura, yaani ile uliyolazimika kuilipa ndipo uruhusiwe kupiga kura, ilikuwa dola moja na nusu kwa mwaka, na deni lilirundikana tangu utimize miaka 21 hadi 45. Mkulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba, akienda kujiandikisha mara ya kwanza utu uzima huo, anadaiwa dola 36, naye pesa taslimu anaiona pamba ikishauzwa tu, kama ipo. Babu zetu walikimbizwa hadi porini kwa kodi ya kichwa. Kule hakuna aliyekufuata. Usipolipa, wakubwa wanafurahi. Weupe maskini nao walinasa humo humo, na Bunche alilishikilia sana hilo, maana siku hizo alitanguliza tabaka mbele ya rangi. Naona alizidisha, ila utapima mwenyewe.

Kinachoniudhi ni kwamba kitabu cha Myrdal kilitoka 1944 kikavuma, lakini ripoti ya Bunche ya utafiti huo ilichapishwa kama kitabu 1973, miaka miwili baada ya kufariki kwake. Mwenyewe alishachukuliwa na kazi za vita, kisha Umoja wa Mataifa.

Halafu Machi 1965, mgonjwa, anaonekana Selma, huko huko Alabama, mstari wa mbele wa maandamano ya kudai haki ya kura, pamoja na Martin Luther King, shada la maua shingoni. Agosti sheria ya haki ya kupiga kura ikasainiwa.

Usisahau pia kwamba London, 1937, Kiswahili alifundishwa na Jomo Kenyatta. Profesa wako atalipenda hilo.

Sura ya kwanza ikiwa tayari nitumie kwa basi, iliyochapwa. Simu yangu kioo kimepasuka, sisomi kitu.

Wako,
Hamisi