Barua kwa Mwanangu Kabla Hajanunua Pikapu

Mwanangu mpendwa,

Picha za pikapu ulizonitumia nimezipata na nimezitazama zote. Nimeona rangi inayong'aa, matairi yaliyopakwa dawa ya kuyatia weusi, na viti vilivyovalishwa vitambaa vipya. Sikuona picha hata moja ya injini, wala ya uvungu wa gari, wala ya ile mita ambayo umeniandikia kwamba inasoma kilomita 312,000. Halafu unaniambia kuwa yuko mnunuzi mwingine na muuzaji anataka jibu upesi. Kizuri chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza. Sijui bado hii ni ipi, na wewe pia hujui.

Sikukatazi kununua. Fedha ni zako, umezidunduliza bila kumkopa mtu, na jambo hilo nimewasimulia shangazi zako hadi wamechoka kunisikiliza. Wala kilomita nyingi peke yake si kasoro, kwa maana injini ya dizeli iliyobadilishiwa oili kwa wakati na kutembezwa safari ndefu huweza kuwa nzima kuliko nyingine yenye nusu ya kilomita hizo ambayo imeshinda ikinguruma kwenye foleni au ikibebeshwa kokoto kila siku. Ninachokuomba ni kimoja: uikute injini ikiwa ya baridi.

Mwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, mkiwa bado mnasalimiana, weka kiganja juu ya boneti. Ukikuta joto, mshukuru na uombe kurudi asubuhi nyingine, hata kama umetoka mbali, hata kama anakuapia kwamba aliisogeza tu kidogo kivulini. Dizeli haiwashwi na cheche, bali na joto la hewa iliyogandamizwa ndani ya silinda. Kwa hiyo ringi zinazoizunguka pistoni zikiwa zimelika, au nozeli zinazonyunyizia dizeli zinavuja, au plagi za kupashia joto zimekufa, ugonjwa huo hujitokeza injini ikiwa baridi na hujificha ikishapata moto. Moshi mweupe wa sekunde chache si ajabu, lakini ukiendelea dakika kadhaa na kunuka dizeli mbichi, kuna jambo. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi usiokoma huenda ukawa chujio la hewa lililoziba tu, au nozeli zilizochoka, na tofauti ya gharama kati ya mambo hayo mawili ni kubwa mno kuiachia bahati.

Ikishatulia, fungua kifuniko cha kujazia oili, ukigeuze, ukiweke juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikitetemeka kidogo si neno. Kikirukaruka hadi kusukumwa pembeni, huku moshi ukitoka tunduni kwa mapigo, basi gesi ya mwako inapenya kwenye ringi na kushuka hadi kwenye oili, na injini hiyo inaelekea kufumuliwa. Tahadhari moja: zipo injini ambazo kifuniko huchezacheza kwa sababu tu ya mahali tundu lilipo, kwa hiyo utazame zaidi moshi na nguvu ya pumzi kuliko kifuniko chenyewe. Oili ikiwa nyeusi usimlaumu mtu, kwani ya dizeli huwa nyeusi mara tu baada ya kubadilishwa. Wasiwasi uwe pale inaponuka dizeli na kimo chake kupita alama ya juu, au unapokuta utando kama maziwa chini ya kifuniko.

Maji ya rejeta nayo huangaliwa kabla ya kuwasha, kwa sababu ukifungua kifuniko chake injini ikiwa ya moto utaungua. Yasiwe na rangi ya kutu wala mafuta yanayoelea. Baada ya kuwasha, minya mpira mkubwa wa rejeta: ukiwa mgumu ndani ya dakika chache, kabla injini haijapata joto, yawezekana gesi inavuja kupitia gasketi ya silinda hedi. Unaona kwa nini nashikilia neno la baridi? Ukiikuta imeshawashwa, yote haya umeyakosa, na umenunua mbuzi kwenye gunia.

Mimi si fundi, na utasema hivyo. Lakini miaka yote tuliyokuwa na gari la kazi, ni mimi niliyeshika daftari la matengenezo, na ninajua kipi kilikula fedha. Si matairi, si breki. Ni nozeli na pampu. Injini za dizeli za siku hizi husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa sana, na maji kidogo tu au uchafu kwenye dizeli huziharibu. Mwombe fundi apime kiasi cha dizeli ambacho kila nozeli inarudisha. Huunganisha mipira midogo kwenye vichupa, na nozeli inayojaza chupa yake haraka kuliko wenzake ndiyo iliyochoka. Kazi yenyewe si ndefu. Muuzaji akiikataa, jibu umelipata.

Uliza pia kama taimingi, ile inayofanya valvu zifunguke sambamba na mwendo wa pistoni, ni ya mkanda au ya mnyororo. Injini za Toyota za 1KD na 2KD, kwa mfano, zina mkanda unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 150,000. Kwa mita unayoniambia, ulipaswa kuwa umeshabadilishwa mara mbili. Kama hakuna risiti wala maandishi ya fundi, hesabu kwamba haujabadilishwa, na upunguze bei kwa kiasi hicho. Ukikatika injini ikizunguka, pistoni hugonga valvu.

Kisha lala chini uangalie chesisi. Najua hupendi kuchafuka, ila nguo hufuliwa. Chukua nyundo ndogo, ugonge taratibu kwa urefu wake wote: chuma kizima hulia, kilicholiwa na kutu hutoa sauti iliyokufa. Kaa zaidi kwenye sehemu ya nyuma ya kabini na mahali springi zinaposhikiwa, maana pikapu iliyozidishiwa mizigo hupasuka au kupinda hapo. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini yote naiogopa kuliko kutu inayoonekana, kwa kuwa kutu ya juu juu ni ya kawaida, lakini mtu hapaki rangi uvunguni bila sababu. Tazama kama springi zimelala au zimeongezewa majani, na kama kuna kulehemu kusikolingana na kwa kiwandani.

Mita usiiamini kwa macho. Linganisha namba zake na uchakavu wa mpira wa pedali ya klachi, usukani, na ukingo wa kiti cha dereva. Ukigeuza ufunguo, taa zote za onyo kwenye dashibodi ziwake kwanza, ndipo zizime. Ile isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa makusudi. Fundi aunganishe gari na mashine ya kusomea hitilafu, na akikuta kumbukumbu ya hitilafu imefutwa juzi tu, muulize muuzaji alikuwa anafuta nini.

Barabarani uendeshe wewe, si chini ya nusu saa, na upite mlimani. Kwenye gia ya juu na mwendo mdogo kanyaga mafuta hadi chini. Mlio ukipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, gia isichomoke. Gia za magurudumu manne zijaribiwe kwenye udongo au changarawe, si kwenye lami kavu. Mkirudi, zima, subiri kidogo, uwashe tena: inayokataa kuwaka ikiwa ya moto mara nyingi ina pampu au nozeli mbovu.

Fundi umchague wewe, asiwe jamaa wa muuzaji, na umlipe hata kama hukununua. Yule rafiki yako mwenye maneno mengi abaki nyumbani. Haraka uliyonayo ni ya kurithi, na katika nyumba hii hukuirithi kwa baba yako, kwa hiyo naijua inavyofanya kazi.

Tangi jipya la maji bado liko dukani, limeshalipiwa, na mdogo wako ameshajitangaza kwamba wewe ndiye utakayelileta. Asikuharakishe. Gari ukilinunua, kwanza libadilishwe oili, machujio yote na huo mkanda, na fedha za kazi hiyo uzitenge kabla ya kukubaliana bei. Tangi litasubiri. Godoro lako la zamani nimempa mdogo wako, usiniulize tena.

Namba iliyogongwa kwenye chesisi ilingane na ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na uhakikishe kwamba gari halijawekwa rehani ya mkopo. Nitumie picha ya namba hiyo na ya kadi kabla hujatoa hata senti ya kishika uchumba. Baba yako anakusalimu, na anauliza kama jeki na spana ya magurudumu vimo.

Ni mimi mama yako.