Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka gitaa liungurume kama la Seattle

Mpwa wangu,

Marahaba. Umeuliza kwa nini gitaa lako, hata ukifungua hadi mwisho pedali ya distoshoni, kile kifaa cha kukanyaga kinachokwaruza sauti, linalia kama nyuki ndani ya kopo badala ya kuunguruma kama kwenye albamu za bendi za Nirvana na Soundgarden. Nakujibu hadharani kwa sababu vijana wengi wanaopenda granji, ule muziki wa rock uliotoka Seattle, Marekani, wanakwama hapo hapo ulipokwama wewe.

Jibu lenyewe ni hili: distoshoni umeweka nyingi mno, nyuzi zako ni nyembamba mno, na bendi yenu inapiga kwa nguvu ileile tangu wimbo unapoanza hadi unapoisha. Kinachotufanya wapenzi wa granji tusiuchoke muziki huu miaka thelathini na zaidi baadaye ni ule ubeti unaonong'ona halafu kiitikio kinakuja kama mlango umevunjwa. Bila mnong'ono, mshindo hauna kazi.

Tuanze na nyuzi, maana huko ndiko kwenye kosa kubwa na ndiko watu hawaangalii.

Nyimbo nyingi za wakati ule hazikupigwa kwa tuni ya kawaida, yaani nyuzi kukazwa E, A, D, G, B, E kuanzia ule mnene. Soundgarden walipenda kushusha uzi wa sita, ule mnene, kutoka E hadi D na kuiacha mitano mingine ilivyo. Ndivyo zilivyo "Outshined" ya mwaka 1991 na "Black Hole Sun" ya 1994. Faida yake ni kwamba nyuzi tatu za chini zinakuwa D, A, D, yaani kodi ya nguvu (noti chache zinazopigwa pamoja kwa uzito) tayari. Ukilaza kidole kimoja juu ya hizo tatu unaihamisha kodi popote shingoni kwa wepesi. Alice in Chains, bendi nyingine ya huko, walizoea kushusha nyuzi zote nusu toni, ile ngazi ndogo kabisa ya sauti kwenye gitaa. Nirvana kwenye "Come as You Are" wameshusha zote toni nzima, zikawa D, G, C, F, A, D. Na kwenye "Rusty Cage" Soundgarden waliushusha uzi wa sita hadi B, ndiyo maana rifu lile, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, linasikika kama linatoka chini ya sakafu.

Sasa, uzi ukiushusha toni nzima unapoteza karibu asilimia 20 ya mkazo wake. Nusu toni ni kama asilimia 11. Seti yako inaanza na uzi wa unene wa 9 (elfu tisa za inchi), ambao hata kwenye tuni ya kawaida ni mlegevu kwa mkono mzito. Ukiushusha, mambo mawili yanatokea. Uzi unagonga vile vyuma vya shingoni vinavyogawa noti, unasikia mchakacho. Pia ukiupiga kwa nguvu, noti inaruka juu kwanza kisha inateremka mahali pake, na kodi nzima inasikika imepinda hata kama programu ya kutunia kwenye simu imekuonyesha kijani. Ukiongeza distoshoni ili kuficha hilo, unalikuza.

Dawa ni nyuzi nene zaidi. Seti inayoanza na 11, ikishushwa toni nzima, inakaza karibu sawasawa na seti ya 10 kwenye tuni ya kawaida. Kwa tuni ya D pale chini peke yake, tafuta seti ya 10 hadi 52, ambayo nyuzi zake nyembamba ni za kawaida na zile nene zimeongezwa unene.

Ukishabadilisha unene, gitaa litahitaji kurekebishwa, usishangae. Kwanza, uzi mnene unaweza kukwama kwenye ule mfupa mdogo kati ya shingo na kichwa. Utajua kwa sababu unapozungusha funguo husikii kitu, halafu ghafla "ting!" na noti inaruka kupita unapotaka. Paka unga wa risasi ya penseli kwenye kijifereji chake. Ikikataa, mpe fundi akipanue kwa tupa ndogo, wewe usijaribu, kwa sababu ukikata kina kupita kiasi uzi utagonga chuma cha kwanza milele. Pili, nyuzi zinazovuta zaidi hupinda shingo mbele. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo inakazwa robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha unatuni upya na kuangalia kabla ya kuongeza. Tatu, pima noti kwenye chuma cha 12: gusa uzi hapo bila kuubana usikie mlio mwembamba, kisha ubane hapohapo. Noti iliyobanwa ikiwa juu, rudisha kitako cha uzi, kile kijichuma unapolalia upande wa mwili wa gitaa, nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Unatuni tena kila unapokisogeza.

Na kama gitaa lako lina daraja (pale nyuzi zinapofungwa mwilini) la kuyumba lenye springi nyuma, kumbuka kwamba kulegeza uzi mmoja kunapandisha mingine yote. Weka kipande cha mbao ngumu nyuma ya daraja lisiyumbe, au azima gitaa lenye daraja lililofungwa. Huko Tanga, hewa ya chumvi inazila nyuzi haraka, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, juu na chini yake.

Pedali sasa. Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa wa Nirvana, alitumia Boss DS-1, ile ya rangi ya machungwa iliyotoka 1978, na haikuwa pedali ya matajiri. Mudhoney, bendi nyingine ya Seattle, waliipa rekodi yao ya 1988 jina la pedali mbili, Super-Fuzz ya Univox na Big Muff ya Electro-Harmonix, na ukiisikiliza unajua hawakutania. Vifaa vile vilikuwa vya bei nafuu, wengine walivipata mitumba. Usiuze kitu chochote cha mama yako kwa ajili ya amplifaya.

Distoshoni inafanya kazi kwa kukata vilele vya sauti. Ukiifungua yote, kila pigo linakuwa sawa na jingine, ule mguso wa kwanza wa mkono unapotea, na gitaa linazama chini ya dramu ingawa chumbani peke yako lilionekana kubwa. Weka kitufe cha distoshoni katikati, upige na besi na dramu, ndipo uongeze kidogokidogo. Kwenye DS-1 usiipite nusu ya kitufe cha toni, huko mbele ni makali matupu. Kwa Big Muff tatizo ni kinyume: inameza sauti za kati, na sauti za kati ndiyo makao ya gitaa. Zipandishe kwenye amplifaya, hata kama ukiwa peke yako linasikika baya.

Tuje kwenye moyo wenyewe. Chukua "Smells Like Teen Spirit" ya Nirvana, ambayo kwenye rekodi iko kwenye tuni ya kawaida. Kodi za kiitikio ni nne: F na A bemoli (bemoli ni noti iliyoshushwa nusu toni) kwenye uzi wa sita, chuma cha 1 na cha 4, B bemoli na D bemoli kwenye uzi wa tano, vilevile chuma cha 1 na cha 4. Mtoto wa wiki mbili na gitaa anaziweza. Lakini sikiliza ubeti. Gitaa linapiga noti mbili tu, C na F, kwenye uzi wa pili na wa kwanza, vyote chuma cha 1, zikipita kwenye pedali ya korasi inayofanya sauti iyumbe kama maji, Small Clone, ambayo ina kitufe kimoja na swichi moja. Halafu linanyamaza. Kodi zote nne zinabebwa na besi ya Krist Novoselic. Kabla ya kiitikio zile noti mbili zinaanza kurudiwa bila kupumzika, dramu zinajaa, na ndipo kila kitu kinaanguka. Cobain mwenyewe alikiri kwamba mtindo huu wa kimya na kishindo aliuchukua kwa bendi ya Pixies ya Boston.

Nyinyi mnakosea mahali patatu. Mpiga ridhimu anaendelea kuchapa kodi nzima kwenye ubeti kwa kuogopa ukimya, mwambie aache. Mpiga dramu anapunguza mikono lakini mguu wake unabaki na nguvu ileile, apunguze vyote. Na wewe umeweka kitufe cha LEVEL cha pedali, kile cha ukubwa wa sauti, sawa na sauti safi ya gitaa. Distoshoni ikilingana na sauti safi, sikio linaona kiitikio kimekuwa kidogo. Ipandishe hadi mtu aliyekaa mbele yako astuke. Pedali ikanyage kwenye pigo la nne la kipimo (fungu la mapigo) cha mwisho cha ubeti, si kwenye la kwanza la kiitikio, la sivyo kodi ya kwanza itatoka uchi. Hilo lifanyieni mazoezi peke yake: vipimo vinne vya ubeti, vinne vya kiitikio, mkirudia mpaka mguu uache kufikiri.

Mpiga dramu wenu anayesema rock haina mdundo mwambie hivi: Dave Grohl, mpiga dramu wa Nirvana, ameeleza wazi kwamba mapigo yake ya wakati ule aliyatoa kwenye disko, akaitaja bendi ya Gap Band. Yule anayejua kuwachezesha watu harusini ana nusu ya kazi tayari. Mkono wako wa kulia ndio una shida, kwa sababu gitaa la kanisani na la muziki wa dansi limekufundisha kuchambua nyuzi kwa wepesi. Laza ubavu wa kiganja karibu na daraja, piga kwenda chini tu, na uachie kiganja kwenye kodi unayotaka ilipuke.

Mkiwaendea Soundgarden, hesabuni kwanza bila vyombo. "Spoonman" inakwenda kwa mapigo saba: moja mbili tatu nne, moja mbili tatu. Mkihesabu nane kwa mazoea mtagongana kipimo cha kwanza tu. Semeni kwa mdomo huku mkipiga makofi kwenye kila "moja", mpaka isiwe hesabu tena. Artis, mwanamuziki wa mitaani wa Seattle aliyepiga vijiko, yumo kwenye rekodi hiyo, na wimbo unamhusu.

Watu wanasimulia historia hii kana kwamba ilianza na vijana wa kizungu wenye mashati ya drafti. Haikuwa hivyo, nami nataka ulijue hili mapema. Tina Bell, mwanamke mweusi, alikuwa mwimbaji wa Bam Bam, bendi iliyoundwa Seattle mwaka 1983, kabla Nirvana hawajawapo. Dramu zao za mwanzo zilipigwa na Matt Cameron, huyohuyo aliyekuja kuwa wa Soundgarden na baadaye Pearl Jam. Tina alifariki 2012 bila kupewa heshima yake, na hilo linatuuma wengi. Kim Thayil, mpiga gitaa wa Soundgarden, wazazi wake walitoka India.

Kuhusu kurekodi, sikilizeni albamu mbili za Nirvana mfululizo. Bleach ilirekodiwa na Jack Endino kwenye studio ya Reciprocal, Seattle, kwa dola 606.17, ikatolewa na kampuni ya Sub Pop mwaka 1989. Nevermind ilirekodiwa na Butch Vig huko Sound City, California, ikachanganywa na Andy Wallace, ikatoka 24 Septemba 1991. Upana unaousikia kwenye ile ya pili umetokana zaidi na matabaka. Vig alimtaka Cobain aimbe mara mbili juu ya sauti yake mwenyewe. Cobain alikataa mpaka alipoambiwa kwamba John Lennon alifanya hivyohivyo. Kwenye kompyuta yenu, rekodi gitaa mara mbili, moja kushoto, moja kulia. Usinakili ile ya kwanza: nakala haina tofauti yoyote, kwa hiyo sauti inabaki katikati, imeongezeka ukubwa tu. Maikrofoni iwe sentimita mbili tatu kutoka kwenye wavu wa spika. Katikati ya koni ni pakali, pembeni ni pazito, anzia katikati ya hapo.

Umeme ukikatika, chukueni gitaa kavu, lisilohitaji umeme. Nirvana walirekodi kipindi chao cha gitaa kavu cha televisheni ya MTV mjini New York tarehe 18 Novemba 1993 wakiwa wameshusha nyuzi nusu toni, na Alice in Chains wakarekodi chao Aprili 1996. Kwa Alice in Chains fuateni sauti mbili za waimbaji wao Layne Staley na Jerry Cantrell: hakuna anayemfunika mwenzake, na wote wanamaliza neno kwa pamoja. Koo likianza kuwasha, mwimbaji anyamaze siku hiyo.

Masikio pia. Chumba cha mazoezi chenye dramu kinafika desibeli 100 bila shida, na wataalamu wa usalama kazini Marekani wanashauri dakika 15 tu kwa siku kwenye kiwango hicho. Nunueni vizibo vya sponji kwa wote wanne. Amplifaya iinueni juu ya kiti ielekee masikio yako badala ya magoti, utajikuta unaipunguza mwenyewe.

Kwa onyesho lenu msichanganye tuni. Pigeni kwanza nyimbo zote za tuni ya kawaida, kisha shusheni uzi wa sita mara moja na mbaki hapo. "Come as You Are" ipewe gitaa la pili, lililotuniwa tangu nyumbani. Uzi uliotoka kushushwa hujivuta kwa dakika kadhaa, kwa hiyo uvute kwa mkono mara chache na utuni tena kabla ya kuhesabu.

Wiki hii simu iweke mita tatu mbele ya dramu, rekodi ubeti mmoja na kiitikio chake bila kukata katikati, unitumie. Nataka kusikia pale unapokanyaga pedali.

Mjomba wako