Binamu, mbaazi haziliwi saa tano

Binamu yangu wa Nairobi,

Salaam aleikum. Nimesoma ulichoandika kwenye kundi la familia: siku tatu Mombasa, siku tatu chipsi kuku, na hukumu juu yake kwamba chakula cha Pwani ni sifa tu. Niliandika jibu la hasira nikalifuta. Sasa nakujibu hadharani, maana wa kusema hivyo si wewe peke yako.

Kosa nusu ni langu. Uliniuliza wapi, nikakutajia mtaa, nisikwambie saa. Ukaingia Kibokoni saa tano mchana kutafuta mahamri na mbaazi za nazi. Saa tano, binamu! Sufuria ilikuwa imeshaoshwa na kuanikwa. Mama wa mbaazi hupikia mtaa wake, zikiisha basi, mpaka kesho. Hana kibao wala ukurasa mtandaoni. Alama yake ni watoto. Ukimwona mtoto anatembea taratibu, bakuli amelishika kwa mikono miwili na limefunikwa sahani, nenda kule anakotoka. Ukifika sema subalkheri kwanza, bei baadaye. Na simu ibaki mfukoni mpaka uombe ruhusa ya kupiga picha. Pale ni mlangoni kwa mtu.

Mchana sina la kukwambia. Kula wali, ulale, joto lenyewe hilo.

Alasiri ndiyo saa yako. Watalii wakishatoka Ngome ya Yesu, ile waliyoanza kuijenga Wareno 1593, wengi hugeuza wakarudi hotelini. Wewe shika Ndia Kuu, kisha ingia kichochoro chochote usichokijua. Sikiliza mafuta. Viazi karai huchemshwa kwanza, vikachovywa kwenye unga wa ngano wenye manjano, halafu ndani ya karai. Mtazame muuzaji: kijiko chenye matundu mkono mmoja, mwingine unadondosha viazi kimoja kimoja, na unga uliomwagika pembeni hugeuka vipande vyembamba vikavu ambavyo, ukiwa na adabu, utaongezewa bure. Kiazi kinapasuliwa kati, kinamwagiwa ukwaju na pilipili. Kile cha moto! Kilichokaa kwenye kabati la kioo tangu adhuhuri ndicho kinachotuharibia jina. (Ramadhani mambo hayo yote husogea karibu na magharibi, na meza hujaa kaimati na sambusa. Ukija mwezi huo, usitafute kitu barabarani mchana.)

Jua likishuka, panda tuktuk mpaka ufukweni Mama Ngina, ambako wengi bado tunapaita Lighthouse. Tangu pakarabatiwe 2019 pamekuwa nadhifu, nami nakiri nilipazoea pale pa zamani, lakini muhogo wa kuchoma ni uleule: unachanwa, unapakwa chumvi, pilipili na ndimu, unaula huku meli ya makontena inapita mbele yako kuingia bandari ya Kilindini, karibu hata unadhani utamsalimia baharia. Dafu likiisha maji, mwambie alipasue, ule na nyama yake. Juzi nilimwona mgeni akilitupa, roho ikaniuma.

Usiku, kahawa. Dele, birika la kahawa, juu ya makaa, kahawa chungu ya tangawizi, kikombe kidogo kisicho na mkono, kashata pembeni. Hapo usiwe na haraka. Wazee wa barazani watabishana kuhusu mpira au siasa za kaunti, na ukikaa mpaka kikombe cha pili kuna mmoja atakuuliza umekula wapi. Umjibu kweli, naye atakutajia kwingine. Mimi niliyezaliwa hapa, mishkaki ninayoipenda kuliko yote niliambiwa hivyohivyo, na mzee ambaye jina lake silijui.

Safari ijayo panda treni ya usiku. Inakushusha kituo cha Miritini alfajiri haijaingia, kwa hiyo udhuru wa kuzikosa mbaazi hutakuwa nao. Bakuli liko jikoni, la buluu, na sahani ya kufunikia iko juu yake. Safari hii nitakutuma wewe.