Benki inajikinga na riba, mwenye nyumba je?

Ndugu Mhariri,

Benki Kuu ya Tanzania iliposhusha riba yake, ile inayoongoza riba za mabenki, hadi asilimia 5.75 Julai 2025, ndugu na majirani waliniandama: mbona mikopo ya nyumba bado iko asilimia 15 na zaidi? Swali zuri, ila mimi nahofia zaidi siku riba zitakapopanda.

Kazi yangu benki ni kupima hasara ya riba kwenye mikopo ya nyumba. Tunakopesha kwa miaka 20, lakini amana tunazokopeshea nyingi ni za miezi sita au mwaka. Amana ikiiva, mwenyewe anadai riba mpya, wakati mwenye nyumba aliyekopa kwa riba isiyobadilika analipa ileile. Silicon Valley Bank ya Marekani ilianguka Machi 2023 ikiwa imejaza hatifungani za muda mrefu. Riba zilipanda, hatifungani zikashuka thamani, wenye amana wakakimbilia fedha zao.

Kwa wenzetu, benki huingia mikataba ya kubadilishana riba na taasisi nyingine, mmoja akilipa riba isiyobadilika na mwingine riba inayofuata soko, ili kuziba pengo hilo. Hapa kwetu soko hilo ni changa mno. TMRC, kampuni ya Tanzania ya kuzikopesha benki kwa ajili ya mikopo ya nyumba, iliyoanzishwa 2010, huzipatia benki fedha za muda mrefu na imesaidia sana, lakini kinga nyepesi kuliko zote ni kile kifungu cha mkataba kinachoruhusu benki kubadilisha riba kufuatana na soko. Kwa sentensi hiyo moja, mzigo unatoka mezani kwangu na kumwangukia mtumishi wa Kigamboni ambaye mshahara wake uko palepale.

Chukua mkopo wa Sh100 milioni wa miaka 20. Kwa asilimia 15, marejesho ni kama Sh1.32 milioni kwa mwezi. Kwa asilimia 18 ni Sh1.54 milioni. Laki mbili na ushee kila mwezi, ada ya mtoto hiyo! Hesabu za namna hii kamati ya benki huletewa, mteja haletewi. Yeye hufunuliwa kurasa na ofisa mikopo, "saini hapa, na hapa," kalamu inakipita kifungu hicho bila kusita.

Naiomba Benki Kuu ielekeze hesabu hiyo iwekwe ukurasa wa kwanza wa mkataba, kwa shilingi, si kwa asilimia. Na riba ikishuka, marejesho yapungue bila mteja kuandika barua ya kuomba.

Mchambuzi wa benki (jina lihifadhiwe),
Dar es Salaam