Pima shafti ya msumeno kabla ya kununua seti ya dado

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na maseremala wenzangu, pamoja na wauzaji wa vifaa, juu ya seti za dado, yaani bledi za kufunga kwenye msumeno wa meza ili kuchimba mfereji mpana, ambazo siku hizi fundi yeyote anaweza kuziagiza mtandaoni. Ni kifaa chenye faida kubwa. Ubao ukipita mara moja unachimbika mfereji wenye upana sawa na unene wa rafu, na kabati lililoungwa kwa mifereji halitegemei misumari peke yake kubeba uzito. Ila kifaa hiki kilitengenezewa msumeno wa meza wa Kimarekani, na karakana zetu zina mashine za kila asili: za Kichina, mitumba ya Ulaya, na zile zilizochomelewa hapa hapa mtaani. Anayenunua kwa kutazama bei na picha tu anaweza kubaki na seti isiyofunga, au mbaya zaidi, seti inayofunga nusu nusu.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, chomoa waya wa umeme, toa bledi na upime shafti, kile chuma kinachozunguka kikibeba bledi. Kipenyo chake kwanza: msumeno wa Kimarekani wa inchi 10 una shafti ya inchi 5/8, sawa na milimita 15.88, na wa Ulaya mara nyingi una milimita 30. Kisha pima urefu, kuanzia uso wa flanji ya ndani (sahani ya chuma inayoegemewa na bledi) hadi mwisho wa nyuzi, ukatoe unene wa nati na wa washa ya nje. Kinachobaki ndicho kipimo cha seti inayoweza kukaa. Tuseme urefu ni milimita 32, nati 12 na washa 4: umebakiwa na 16, na seti ya kuchimbia plaiwudi ya 18 haitaingia hata ukiilazimisha. Vitabu vya baadhi ya mashine vinaruhusu kuacha washa ya nje seti inapokuwa pana, vingine vinakataza. Fuata kitabu cha mashine yako, na kama hakipo usiiache. Nati lazima ishike kwa nyuzi zake zote. Seti ni nzito kuliko bledi moja, na mashine yenye breki inaposimama ghafla uzito ule hutaka kuendelea kuzunguka, ukaifungua nati iliyoshika kwa nyuzi mbili tatu.

Tundu la seti likiwa kubwa kuliko shafti, msijaze nafasi kwa pete za kupunguzia. Pete inaweza kufaa kwenye bledi moja nene. Kwenye vibledi vyembamba vya dado inateleza, kila kimoja kikakaa na senta yake. Likiwa dogo, msilichimbe kwa drili. Tundu lililohama senta hata kwa sehemu ya milimita litatikisa mashine nzima. Rudisha seti, tafuta yenye tundu sahihi.

Wenye mashine za mitumba kutoka Uingereza au Ujerumani wajue kwamba nyingi zina shafti fupi kusudi. Kule sheria za usalama zinasisitiza gadi juu ya bledi na mashine kusimama ndani ya sekunde chache baada ya kuzimwa, kwa hiyo watengenezaji hawakuacha nafasi ya rundo la bledi. Kwa mashine kama hizo jibu langu ni moja: nunua ruta, mashine ya mkononi ya kuchonga mbao, na biti iliyonyooka, funga ubao wa kuiongoza, chimba mfereji kwa pita mbili au tatu. Kwa shiti kubwa la futi 8 kwa 4 ruta ni bora hata kwa mwenye msumeno mzuri, maana ni rahisi kutembeza kifaa chepesi juu ya shiti kuliko kusukuma shiti zito juu ya meza.

Shafti ikikubali, inabaki aina ya seti. Kuna ya bledi moja inayokaa mshazari kwenye shafti, ambayo unazungusha kitovu chake nayo ikayumba kwa upana unaotaka. Ni rahisi kwa bei, na sishauri mtu ainunue kwa kazi ya fanicha. Kwa kuwa bledi inayumba, chini ya mfereji panatoka mviringo badala ya kunyooka, na rafu inakalia kingo tu au katikati tu. Gundi haishiki palipo na uwazi.

Inayofaa ni ya rundo: bledi mbili za nje na vibledi vya kati vya kukomba. Kwa kawaida kila bledi ya nje inakata inchi 1/8, yaani milimita 3.175, na vya kati vingi ni hivyo hivyo, kimoja kikiwa cha inchi 1/16. Kuna seti zinazoongeza cha 3/32, na hicho kina thamani kwetu. Plaiwudi inayouzwa kama ya 18 ukiipima kwa kalipa mara nyingi ni 17 na ushee. Bledi mbili za nje na vibledi vitatu vya 1/8 zinatoa 15.9, ongeza cha 1/16 unapata karibu 17.5. Shiti likiwa 17.7, tia shimu, yaani washa nyembamba za kujazia, za jumla ya 0.2 umefika. Kwa plaiwudi ya 12, bledi mbili za nje, kibledi kimoja cha 1/8 na kile cha 3/32 vinakupa 11.9. Shimu zigawanywe katikati ya bledi mbalimbali, zisirundikwe pamoja, na ziwe za plastiki au shaba kama zilivyokuja kwenye boksi. Karatasi iliyokunjwa inasinyaa nati ikikazwa, na kipimo kinapotea.

Meno ya bledi za nje ndiyo yanayoamua usafi wa kingo. Seti za bei ya chini huwa na meno 12 au 14. Yenye 24 haichani plaiwudi na melamini kama zile. Kwa melamini uliza kama meno ya nje yamelazwa nyuma, maana hayo hayanyanyui ngozi ya juu. Vibledi vya kati vyenye meno manne vinakomba chini vizuri kuliko vyenye meno mawili, na havitetemi sana. Ukiona vijimfereji viwili vyembamba kwenye pembe za chini usihangaike: vinatokana na ncha za meno ya nje, na rafu ikiingia havionekani ila kwenye ukingo wa mbele.

Kipenyo kisiwe zaidi ya inchi 8 kwa msumeno wa inchi 10. Mwenye mota ya nguvu za farasi moja na nusu achukue ya inchi 6. Ni nyepesi kuwasha, na kina chake kinatosha, kwa sababu mfereji wa rafu kwenye ubao wa milimita 18 hauhitaji kuzidi 6 hadi 9. Hapa niwakumbushe wenye mashine za Kimarekani zinazoendeshwa kwa transfoma. Transfoma inashusha volti tu, haigusi hezi, yaani mara umeme unavyogeuka kwa sekunde. Mota iliyotengenezewa hezi 60 ikipewa 50 zetu inazunguka pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita na inapata joto haraka. Ukiifungia seti ya inchi 8 na waya mwembamba wa kuunganishia, itakwama katikati ya ubao, na hapo ndipo mikono inapoponzwa kwa kusukuma kwa nguvu. Chimba nusu ya kina, kisha rudia.

Kwa misumeno iliyochomelewa mtaani, isiyo na kibandiko cha mzunguko, hesabu ni nyepesi. Zidisha mzunguko wa mota kwa kipenyo cha puli yake, ugawe kwa kipenyo cha puli ya shafti. Mota ya 2,900 yenye puli ya milimita 125 ikivuta puli ya 75 inazungusha bledi kiasi cha mara 4,830 kwa dakika. Linganisha na kikomo kilichochongwa kwenye bledi yenyewe. Bledi isiyo na namba ya kikomo usiinunue. Na ukishika shafti ukasikia inacheza, badilisha beringi kwanza.

Kufunga nako kuna utaratibu wake. Bledi za nje zina upande wa kutazama nje, umeandikwa. Meno ya vibledi vya kati yakae kwenye mabonde ya zile za nje, yasigusane na meno mengine wala na mwili wa bledi. Kabaidi ya ncha za meno ni ngumu lakini inavunjika kama kigae, na jino likigonga jino wakati wa kukaza nati, kipande kitaruka mashine ikiwashwa. Vibledi vipishane kuzunguka duara, uzito usielemee upande mmoja. Zungusha rundo kwa mkono duru nzima kabla ya kurudisha umeme, uone halikwaruzi bamba la mdomo, lile linalozunguka bledi juu ya meza. Bamba la kawaida lina mwanya mwembamba. Chonga jingine kwa mbao ngumu yenye unene uleule, lifunge, libane kwa ubao ulio pembeni ya njia ya bledi, kisha pandisha bledi taratibu ikiwa inazunguka ijichimbie mwanya wake. Bamba hilo linazuia plaiwudi isichanike chini. Alama ya kisu kwenye kingo mbili za mfereji inasaidia zaidi pale unapokata kuvuka nyuzi.

Sasa hatari yenyewe. Bledi ya dado haipasui ubao hadi upande wa pili, kwa hiyo gadi na kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi vinaondolewa. Ubao unaficha bledi wakati wote, na mkono unaweza kuwa juu yake pasipo kujua. Sukuma kwa vibao vya mkono vyenye mpira chini, na bana ubao mezani kwa kibao cha vidole, kile kilichopasuliwa kama kitana, kwa sababu ukinyanyuka kidogo mfereji unakuwa na kina tofauti na ubao unaweza kurushwa nyuma. Kipande chembamba kinachokatwa kuvuka nyuzi kisukumwe kwa geji ya pembe inayoteleza mezani, kisiachwe kuegemea fensi (ukingo wa kuongozea) peke yake, maana kitapinda na kunasa. Kazi ikiisha rudisha bledi ya kawaida, gadi na kisu siku hiyo hiyo, asije mwenzako kesho akapasua mbao bila kinga.

Wapo wanaofunga bledi mbili za kawaida pamoja ili kupata upana. Acheni. Zikikaribiana meno yanagusana, na zikiachana katikati panabaki utepe wa mbao usiokatwa unaozikandamiza bledi pembeni. Tena seti ya dado haiendi kwenye grenda wala kwenye msumeno wa mkononi, hata tundu likiingia.

Kuhusu kunoa: peleka seti yote pamoja. Zikinolewa zile za nje tu, vibledi vya kati vinabaki virefu na chini ya mfereji panakuwa na ngazi. Mvule wakati mwingine una mawe ya chokaa ndani yake, na msaji una chembe za silika zinazomaliza makali; anayefanya kazi ya mbao hizo ategemee kunoa mapema kuliko wa plaiwudi.

Ombi langu kwa wauzaji na waagizaji: andikeni kwenye tangazo na kwenye boksi, kwa Kiswahili, kipenyo cha tundu, upana mdogo na mkubwa wa seti, urefu wa shafti unaohitajika na kikomo cha mzunguko. Na fundi akija na vipimo vyake kwenye karatasi, mfungulieni boksi apime mwenyewe kabla ya kulipa.

Seremala,
Keko, Dar es Salaam