Baba anataka theluji, bibi anataka kumpakata

Bi Mshauri, assalaam alaykum, wewe na wasomaji wako.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ana miezi 20, na tunakaa Kiembesamaki. Mwezi wa saba bwana wangu ana likizo ya wiki moja, na zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa imeangukia hapo hapo, kwa hiyo safari hii pesa ipo. Tumekubaliana twende Bara kwa matembezi, tukazunguke na gari kwenye hifadhi za milimani. Kukubaliana kwetu kumeishia hapo.

Bwana wangu mlima Kilimanjaro ameuona mara moja tu, kwenye dirisha la ndege, na tangu siku hiyo hana jengine. Amesoma kwamba barafu ya kule juu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, basi anataka mtoto wake aione kabla haijesha. Mpango wake ni huu: tupande boti ya asubuhi Malindi, Dar tuchukue Noah ya shemeji, na siku hiyo hiyo tushike njia mpaka Moshi tukalale. Kesho yake Marangu, ambeleke mtoto mgongoni wapande mlima kwa miguu hadi Mandara, kambi ya kwanza ya njia ile, warudi jioni. Halafu Arusha, halafu Ngorongoro, halafu nyumbani. Gari yetu yenyewe ina namba ya Z, na kuivusha ni makaratasi ya forodha na nauli ya meli, kwa hiyo hiyo tumeiacha.

Dar mpaka Moshi ni karibu kilomita 560. Yeye kaipigia hesabu ya saa saba. Mimi niliipita njia ile kwa basi nilipokuwa nasoma, na ninachokikumbuka ni vibao vya hamsini. Kila kijiji kina kibao, na kwenye kivuli cha mwembe hakosekani trafiki na kitochi chake. Ukitoka Chalinze unafuatana na malori. Kwa mtu mzima asiyeshuka garini ni saa kumi, labda. Ukiwa na mtoto wa kubadilishwa pampasi na bibi mwenye magoti mabovu, sijui utasema saa ngapi.

Naam, bibi. Mama mkwe anakuja. Sikumkaribisha mimi, wala sithubutu kusema asije, na kwa kweli mtoto ananyamaza kwake kuliko kwangu. Tatizo langu na yeye ni moja tu, nalo ni kiti.

Jirani yetu aliyekuwa anaishi Oman aliniuzia kiti cha mtoto cha gari, kizima, na mikanda yake yote. Jumapili iliyopita nikakifunga kwenye gari uani ili tujaribu. Mtoto alijipinda mgongo kama upinde, akalia mpaka jirani akachungulia ukutani. Nikampa kipande cha boflo. Baada ya dakika kama kumi akawa ametulia, anakitafuna, anatazama kuku. Nikasema alhamdulillahi, limekwisha. Kumbe mama mkwe alikuwa barazani anaangalia. "Mwanangu, nimezaa saba, wote nimewapakata, nani alianguka? Mtoto unamfunga kama kuku wa Darajani?" Nikaitika "labeka, mama," nikanyamaza. Bwana wangu naye akajitia kutazama tairi.

Bi Mshauri, mimi najua gari ikifunga breki ghafla kwenye spidi ya themanini, mikono ya mtu haimzuii mtoto, hata mikono iliyolea saba. Lakini maneno haya mkwe humwambia vipi mama mkwe wake bila ya kuonekana amesoma sana? Na Noah ya shemeji, nimeulizia, mikanda ya safu ya kati imezama chini ya kiti, haijatolewa tangu gari inunuliwe. Nimemwambia aitoe, akacheka.

Jengine ni kutapika. Mwezi wa Ramadhani tulikwenda Dar kumuona mgonjwa. Nilimnyonyesha mtoto, nikamuongeza na kikombe cha maziwa, nikajua atalala njia nzima. Hata Chumbe hatujaipita, maziwa yote yalikuwa kwenye buibui la mama mkwe. Safari hii itakuwa mwezi wa saba, kusi linavuma, bahari unaijua. Mkate mkavu na maji kidogo kidogo, nimeshajifunza. Lakini mtoto akishatapika saa mbili baharini, ndiyo tumtie garini siku hiyo hiyo akaongeze saa kumi?

Mimi nataka tulale Dar kwa shemeji. Tuondoke baada ya sala ya alfajiri, tupite Bagamoyo tutokee Msata ili tuwakwepe malori ya Chalinze, tule Korogwe, na pale Mombo tupande Lushoto. Mtoto wangu hulala saa saba mchana mpaka saa tisa, wala hakosei, na saa hizo ndizo nataka gari iwe inatembea. Tukae Lushoto usiku mbili. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kuna msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wa Magamba wenye njia za kutembea, na Irente mtu husimama ukingoni akaiona nyika yote chini. Tukishuka tuingie Mkomazi, geti lake liko karibu na mji wa Same, kuna faru weusi. Mwisho tulale Moshi usiku mmoja, tuamke mapema tuutazame mlima kutoka chini kabla haujajifunika mawingu. Theluji ataiona kutoka hapo.

Bwana wangu anasema Lushoto si hifadhi, ni shamba la kabichi.

Kinachonitia hofu zaidi ni huko Mandara. Geti la Marangu tu liko kama mita 1,900, na Mandara ni mita 2,700. Sisi mwinuko wetu mrefu kabisa Unguja ni Masingini, na haufiki hata mita 150. Madaktari wanasema ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu kuanzia kama mita 2,500. Mtu mzima akiumwa na kichwa atasema. Huyu wangu maneno anayoyajua ni "maji", "bibi", "paka" na "sitaki", na "sitaki" anaisema kwa kila kitu, hata kwa embe. Nitajuaje kama analia kwa kichwa au analia kwa baridi? Bwana wangu anasema watapanda na kushuka siku moja, hawalali huko, na kwamba watu wanafanya. Huenda kweli. Aliyewahi kumbeba mtoto wa umri huu mpaka pale, naomba aseme alimkuta na hali gani.

Na malaria. Huku kwetu imepungua mpaka kinamama vijana wengi hatujamuuguza mtoto kwa malaria hata mara moja, ndiyo maana tunajisahau. Mtoto wa dada yangu alikwenda Tanga kwenye harusi, siku ya kumi tangu warudi homa ikampanda. Dada akajua ni meno. Alipopimwa, malaria. Pale kliniki kwetu nimeambiwa chandarua nisikiache hata huko juu kwenye baridi, maana njiani tutalala mabondeni, na mtoto akipata homa ndani ya wiki chache tangu turudi nimpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Hili silijadili na mtu, chandarua kimeshaingia begini. Na nguo za buluu na nyeusi nimezitoa, kwa sababu ya mbung'o, huvutiwa na rangi hizo. Mama mkwe kauliza, "Na buibui langu?" Sikuwa na jawabu.

Wifi yangu, aliye Morogoro, ametuletea rai ya tatu: tupande treni ya umeme Dar mpaka kwake, tuchukue gari yake twende Mikumi na baadaye Udzungwa. Kwa mtoto anayetapika, treni naipenda. Lakini Udzungwa hakuna barabara ya gari ndani, ni miguu yako, na maporomoko ya Sanje yanayosifiwa, yenye mita 170, yanapandiwa njia ya mlimani. Mama mkwe tutamwacha getini na nani?

Ngorongoro nimemwambia bwana wangu tuiache kwa mwaka mwengine. Pale ukingoni ni kama mita 2,300, usiku wa mwezi wa saba baridi yake si ya masihara, na ni safari nyengine kutoka Arusha. Akishikilia lazima tufike Arusha, basi afadhali hifadhi ya Arusha yenyewe, chini ya Mlima Meru. Naambiwa ni ndogo, ukiingia asubuhi mchana umeshawaona twiga, mbega na maziwa ya Momella, na umetoka.

Nikwambie ninachokiamini hasa. Mwaka huu tulimpeleka Jozani. Kima punju walikuwa tele, mmoja alishuka mpaka karibu na miguu yetu, wageni wakapiga picha. Mtoto akamtazama mara moja, akasema "paka", akachuchumaa kuchezea majani makavu na mstari wa siafu mpaka nikamuondosha kwa nguvu. Theluji si ya kwake, ni ya baba yake. Sisemi baba hana haki ya kuiona. Nasema tusimchoshe mtoto siku tano kwa jina lake.

Basi naomba mnijibu. Njia ipi kati ya hizi tatu ungepita wewe, na ukiwa na mtoto wa umri huu ungekwenda saa ngapi kwa siku kabla ya kulala? Kiti nimuelezeje mama mkwe, au nimuachie mwanawe? Watoto chini ya miaka mitano najua hawalipi kiingilio, lakini sisi wakubwa, getini ukiwa na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi tu wanakuhesabu mwenyeji bila ya maneno? Cha taifa cha mama mkwe hatukioni tangu tulipohama.

Boti natakiwa nikate wiki ijayo. Mama mkwe keshanunua koti la mtumba Darajani, zito, rangi ya waridi. Jana kashinda nalo barazani, anajizoesha.

Mama Ilham,
Kiembesamaki, Unguja